Booker T. Washington: Namba 18 kwenye pipa la chumvi

Kila mfanyabiashara anayevusha mzigo mpakani anajua kazi ya alama. Gunia la maharage lisilo na alama likichanganyika na magunia ya wengine kwenye lori, mwenyewe hana pa kulalamikia. Ndiyo maana magunia yanayopita Busia, Namanga, Mutukula au Rusumo yana herufi na namba za rangi ubavuni. Anayeshusha mzigo huenda hajui kusoma barua, lakini alama ya tajiri wake anaijua.

Katika mji mdogo wa Malden, jimbo la West Virginia nchini Marekani, mambo yalikuwa hivyo hivyo mwaka 1865. Mji huo uliishi kwa chumvi. Kila mpakiaji alikuwa na namba yake, na jioni mnyapara alipita akiandika namba hizo kwenye mapipa yaliyojaa ili ijulikane nani amefanya kazi kiasi gani. Namba 18 ilikuwa ya Washington Ferguson, mtu mweusi aliyetoka utumwani muda mfupi kabla. Nyuma ya mapipa yake alifanya kazi mtoto wa kambo wa miaka kama tisa, jina lake Booker. Hakujua herufi hata moja. Lakini kwa kuiona 18 kila jioni aliishika kichwani, akaanza kuitambua kila alipoikuta, kisha akaweza kuichora mwenyewe.

Hayo ndiyo maandishi ya kwanza aliyoyajua Booker T. Washington, aliyekuja kuwa mtu mweusi mwenye sauti kubwa kuliko wote Marekani katika kizazi chake. Aliyapata kwenye kazi aliyolazimishwa na mume wa mama yake, na miaka saba iliyofuata aliitumia kutafuta njia ya kutoka kwenye kazi hiyo.

Baba aliyeonekana mara moja kwa mwaka

Booker alizaliwa mwaka 1856 katika shamba la James Burroughs, sehemu iitwayo Hale's Ford, jimbo la Virginia. Mama yake, Jane, alikuwa mtumwa na mpishi wa shamba hilo. Baba yake mzazi alikuwa mzungu ambaye Booker hakuwahi kumjua wala kupata chochote kutoka kwake. Mama na watoto watatu, yaani kaka yake John, Booker mwenyewe na mdogo wao Amanda, waliishi katika kibanda cha magogo ambacho ndicho kilikuwa jiko la shamba zima. Hakukuwa na kitanda. Watoto walilala juu ya matambara yaliyotandikwa kwenye sakafu ya udongo.

Washington Ferguson, mume wa Jane, alikuwa mali ya bwana mwingine. Mume na mke waliomilikiwa na watu tofauti hawakuwa na haki ya kuishi pamoja, hivyo watoto walimwona mara chache sana, labda mara moja kwa mwaka wakati wa Krismasi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto alitoroka, akafuata majeshi ya Kaskazini na kufika West Virginia, jimbo lililokuwa limeundwa karibuni. Kwa hiyo mtu huyu, kabla hajawa baba mgumu, alikuwa mtoro aliyehatarisha maisha yake kwa ajili ya uhuru. Ni vizuri tulikumbuke hilo, maana yatakayofuata yanaweza kutufanya tumwone kama mtu asiye na moyo.

Vita vilipokwisha mwaka 1865 na watumwa wakawa huru, Ferguson alituma ujumbe kwa Jane amfuate Malden. Vyombo vichache na nguo vikapakiwa kwenye mkokoteni. Watoto walitembea kwa miguu sehemu kubwa ya safari hiyo ya mamia ya kilomita kuvuka milima. Ilichukua wiki kadhaa. Walipika kwa kuni kando ya njia na kulala nje. Usiku mmoja walijaribu kulala katika kibanda kilichoachwa, wakawasha moto, na nyoka mkubwa mweusi akaanguka kutoka kwenye dohani. Walikihama kibanda mara moja.

Kazi ya saa kumi alfajiri

Wasomaji wa Kigoma na wa Burundi wanaoijua chumvi ya Uvinza hawatahitaji maelezo marefu kuhusu Malden. Kama Uvinza, maji ya chumvi yalitolewa ardhini na kuchemshwa mpaka yakauke, kisha chumvi ikapakiwa na kuuzwa mbali. Malden walitumia makaa ya mawe kuchemshia, na kuipakia katika mapipa ya mbao. Kazi ilikuwa ya moto, moshi na mgongo.

Ferguson alikuwa amekwisha pata kazi katika tanuri moja na kibanda cha kuishi. Booker aliona kibanda hicho si bora kuliko kile cha utumwani, na kwa namna moja kilikuwa kibaya zaidi. Shambani walau hewa ilikuwa safi. Hapa vibanda vilibanana, takataka zilijaa nje, na jirani zao, weusi kwa weupe, walikuwa mchanganyiko wa watu wema na walevi, wacheza kamari na wapigana ngumi.

Mara tu familia ilipofika, baba huyo wa kambo aliwaingiza John na Booker kazini. Mara nyingi siku ilianza saa kumi alfajiri. Ujira wa watoto haukwenda mikononi mwao. Walikuwa nguvu ya ziada nyuma ya namba 18, na kila pipa walilosaidia kujaza lilihesabiwa kwa mwenye namba.

Uhuru ulikuja na njaa ya kusoma. Mtoto Booker alimsumbua mama yake amtafutie kitabu, na Jane, ambaye mwenyewe hakujua kusoma, akapata kwa njia zake kitabu cha zamani cha kujifunzia tahajia, kile cha Webster chenye jalada la bluu. Hakukuwa na mtu mweusi jirani aliyeweza kumfundisha, na wazungu aliogopa kuwakaribia. Kwa wiki chache alijikokota peke yake mpaka akazijua herufi karibu zote.

Kisha Malden wakapata mwalimu, kijana mweusi kutoka Ohio, na shule ya kwanza ya watoto weusi ikafunguliwa. Wazazi walichanga wenyewe kumlipa, na mwalimu alikula kwa zamu, leo nyumba hii, kesho nyumba ile. Wazee waliokuwa na hamu ya kusoma Biblia kabla ya kufa walikaa darasani na wajukuu zao.

Booker hakuwemo. Ferguson alikuwa ameshapiga hesabu na kuona kwamba mtoto huyu analeta fedha, na akakataa kumwachia. Kila siku, akiwa tanurini, Booker aliwaona watoto wenzake wakipita kwenda na kurudi shuleni. Katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1901, miaka zaidi ya 30 baadaye, aliyataja maumivu hayo kama moja ya mambo yaliyomvunja moyo kuliko yote. Hata hivyo hakumtukana Ferguson. Alieleza tu kilichotokea na kuendelea.

Kuna jambo la kufikiri hapo. Ferguson alikulia katika mfumo uliompima mtu kwa kazi anayotoa na bei anayouzika. Sheria iliwaacha huru mwaka 1865, lakini sheria haikumpa akiba, shamba wala mtu wa kumfundisha kwamba mtoto anaweza kuwa kitu kingine zaidi ya mikono miwili ya ziada. Aliogopa njaa, na njaa ilikuwapo kweli. Hiyo haiondoi ukweli kwamba alimnyima mtoto shule. Inatueleza tu kwa nini nyumba nyingi maskini zimefanya hivyo hivyo tangu wakati huo hadi leo.

Mshale wa saa

Mama ndiye aliyetafuta upenyo. Haikuwezekana kumpinga mumewe waziwazi, hivyo mpango ukafanywa na mwalimu amfundishe Booker usiku baada ya kazi. Alijifunza kwa bidii hivi kwamba aliamini alipata usiku kuliko wenzake walichopata mchana. Lakini hakuacha kudai shule ya mchana, na mwishowe Ferguson akakubali kwa miezi michache, kwa masharti: Booker ataamka mapema na kufanya kazi tanurini hadi saa tatu asubuhi, na jioni atarudi kufanya kazi saa mbili nyingine au zaidi.

Hapo ikazuka shida ya kimahesabu. Shule ilianza saa tatu kamili, na ilikuwa mbali na tanuri. Mtoto anayeachiwa saa tatu hawezi kuwa darasani saa tatu. Kila siku alichelewa, na mara nyingine alikuta somo lake limekwisha pita.

Booker alipata ufumbuzi ambao baadaye alikiri haukuwa wa haki. Ofisini kulikuwa na saa ya ukutani, na watu zaidi ya 100 waliingia na kutoka kazini kwa kuitegemea. Akawa anaingia asubuhi na kusogeza mshale kutoka saa mbili na nusu hadi saa tatu. Alifanya hivyo asubuhi baada ya asubuhi, hadi msimamizi akagundua kwamba kuna kasoro na kuifungia saa hiyo ndani ya sanduku lenye kufuli.

Siku ya kwanza shuleni aligundua mapungufu mawili. La kwanza, watoto wengine wote walivaa kofia, naye hakuwa nayo. Ferguson asingetoa fedha ya kofia ya dukani, na Jane hakutaka kukopa ili kujionyesha. Alichukua vipande viwili vya kitambaa kigumu na kuvishona pamoja. Wenzake walimcheka, lakini Washington aliitaja kofia hiyo kwa fahari maisha yake yote.

La pili lilikuwa jina. Mwalimu alipoita majina, kila mtoto alikuwa na mawili au zaidi. Mtoto wa mtumwa aliyeitwa Booker tu hakuwa na la pili. Zamu yake ilipofika alijibu kwa utulivu kwamba anaitwa Booker Washington, na ndivyo alivyoandikwa. Washington ndilo jina la kwanza la baba yake wa kambo. Baadaye mama yake alimwambia kwamba alipozaliwa alimpa pia jina la Taliaferro, naye akaliweka katikati. Jina linalojulikana duniani, kwa hiyo, limebeba jina la mtu aliyemzuia kusoma.

Gizani, habari za Hampton

Shule ya mchana haikudumu. Muda si mrefu Booker alirudishwa kazini siku nzima, na masomo yakawa ya usiku tena. Mara nyingine alitembea kilomita kadhaa gizani kumfuata mwalimu, kisha akakuta mwalimu huyo anajua kidogo tu kuliko yeye.

Kisha akahamishiwa kwenye mgodi wa makaa ya mawe uliolisha matanuri ya chumvi. Kazi hiyo aliichukia na kuiogopa. Kutoka mlangoni hadi mahali makaa yalipochimbwa ilikuwa kama kilomita moja na nusu ya giza totoro. Mgodi ulikuwa na vyumba vingi, na taa ilipozimika bila kiberiti, mtoto alitangatanga mpaka mtu amkute. Kulikuwa na hatari ya milipuko na ya mawe kuanguka. Washington aliandika kwamba watoto walioanza mgodini wakiwa wadogo mara nyingi walidumaa mwili na akili, na hamu yao ya kuwa kitu kingine ikafa.

Yake haikufa kwa sababu ya mazungumzo aliyoyasikia kwa bahati. Wachimbaji wawili walikuwa wanazungumzia shule kubwa ya watu weusi huko Virginia. Booker alijongea kimya kimya gizani awasikie vizuri. Walisema kwamba mwanafunzi maskini anaweza kulipia chakula na malazi kwa kufanya kazi, huku akijifunza ufundi. Shule hiyo ilikuwa Hampton, iliyoanzishwa mwaka 1868 na Jenerali Samuel Armstrong. Booker hakujua iko wapi, ni mbali kiasi gani wala nauli ni shilingi ngapi. Tangu siku hiyo hakuwa na wazo jingine usiku na mchana.

Kabla ya kwenda, alipata njia ya kuutoka mgodi. Jenerali Lewis Ruffner, mwenye tanuri la chumvi na mgodi, alihitaji mtumishi wa nyumbani. Mkewe, Viola, alisifika kwa ukali, na vijana waliomtumikia hawakudumu zaidi ya wiki mbili tatu. Booker alienda akitetemeka, kwa mshahara wa dola 5 kwa mwezi. Aligundua kwamba mama huyo alitaka mambo machache tu: usafi, wepesi, ukweli, na kila kitu mahali pake. Alimruhusu kwenda shule saa moja mchana katika baadhi ya miezi ya baridi. Kwa sanduku la mbao la bidhaa alilolitoa upande mmoja na kulitia rafu, Booker alianza maktaba yake ya kwanza.

Kilomita 800 na senti 50

Mwaka 1872, akiwa na miaka kama 16, aliamua kuondoka. Mama yake alikuwa anaumwa na aliogopa kwamba mwanawe anafuata kitu kisichokuwapo. Alikubali kwa shingo upande. Fedha? Karibu mshahara wote wa Booker ulikuwa umetumiwa na Ferguson na familia. Zilibaki dola chache za nguo na nauli. Kaka yake John alimsaidia alivyoweza, lakini kazi ya mgodi haikumlipa chochote cha maana, na nacho kilienda kwenye matumizi ya nyumba.

Wazee wa Malden, waliozaliwa na kuzeeka utumwani, ndio waliomshangaza. Hawakutarajia kuona mtoto wa kwao akienda shule ya bweni. Wakaja mmoja mmoja, huyu na senti 5, yule na senti 25, mwingine na leso.

Kutoka Malden hadi Hampton ni kama kilomita 800, mbali zaidi ya barabara ya Nairobi hadi Kampala. Nauli iliisha mapema. Usiku wa kwanza gari la farasi lilisimama kwenye hoteli milimani, wasafiri wengine wakapewa vyumba, naye akakataliwa kwa rangi yake kabla hata ya kuulizwa kama ana fedha. Alitembea usiku kucha ili asigande kwa baridi. Kwa miguu na kwa kuomba lifti alifika Richmond, akiwa amechoka, ana njaa na hana hata senti. Zilibaki kama kilomita 130.

Alilala chini ya njia ya mbao ya wapita kwa miguu, kifurushi cha nguo kikiwa mto, akisikia nyayo za watu juu ya kichwa chake. Asubuhi aliona meli inashusha chuma, akamwomba nahodha kazi ya kupakua ili apate kifungua kinywa. Nahodha alimpenda kwa bidii yake na kumpa kazi siku kadhaa. Ujira ulikuwa mdogo, hivyo ili kutunza nauli aliendelea kulala pale pale chini ya njia. Vijana wanaopakua malori mpakani na kulala chini ya turubai watamwelewa bila kufafanuliwa.

Alifika Hampton na senti 50. Mwalimu mkuu, Mary Mackie, alimwona mchafu na mwenye njaa, akasita kumpokea. Baada ya saa kadhaa alimwambia akafagie chumba kimoja cha darasa. Booker alijua huo ndio mtihani wake. Alifagia mara 3 na kufuta vumbi mara 4, kama alivyofundishwa na mama Ruffner. Mwalimu aliingia, akapitisha leso yake kwenye mbao na meza, hakupata vumbi. Akapokelewa, na akapewa kazi ya usafi wa jengo ili kulipia chakula na malazi. Ada ya dola 70 kwa mwaka ililipwa na mfadhili.

Bwenini alikutana na shuka mbili kitandani, kitu ambacho hakuwahi kukitumia. Usiku wa kwanza alilala chini ya zote mbili. Wa pili alilala juu ya zote mbili. Usiku wa tatu akawatazama wenzake, akajua.

Nyumba isiyo na mama

Baada ya miaka miwili alirudi Malden likizo, na mama yake akafariki katika likizo hiyo hiyo. Ndipo ilipoonekana nani alikuwa ameishika nyumba. Amanda alikuwa mdogo mno kupika na kufua kwa ajili ya wote, na Ferguson hakuwa na uwezo wa kumlipa mtu. Siku nyingine walikula, siku nyingine hawakula. Nyumba aliyotamani kuitoroka alipokuwa mtoto sasa ilimlilia awe nguzo yake.

Hakubaki. Alirudi Hampton, akamaliza mwaka 1875, kisha akarudi Malden kufundisha. Alianza mapema asubuhi na kumaliza usiku saa nne, maana alifungua pia shule ya usiku kwa wale ambao, kama yeye zamani, mchana ulikuwa wa tajiri. Kwa mshahara wake alimpeleka John Hampton, kulipa deni la ndugu aliyebaki mgodini ili mwenzake asome. Kisha wote wawili wakamsomesha James, yatima aliyelelewa na mama yao.

Mwaka 1881 mji wa Tuskegee, jimbo la Alabama, ulitaka mwalimu wa kuanzisha chuo cha walimu weusi. Jenerali Armstrong alimpendekeza Booker. Serikali ya jimbo ilitoa dola 2,000 kwa mwaka za mishahara tu. Hakukuwa na ardhi, jengo wala meza. Tarehe 4 Julai 1881 alifungua chuo kwa wanafunzi 30 katika kibanda kibovu karibu na kanisa. Baadaye alinunua shamba la zamani kwa dola 500, akianza na mkopo wa dola 250.

Majengo yalihitaji matofali, na mji mzima haukuwa na kiwanda cha matofali. Akaamua wanafunzi wafyatue wenyewe. Tanuri la kwanza likaharibika, la pili vile vile, la tatu likabomoka. Fedha ilikuwa imekwisha, walimu wakamsihi aache. Akachukua saa yake, akaiweka rehani Montgomery kwa dola 15, na kwa fedha hiyo wakachoma tanuri la nne. Likaiva. Siku ya kukomboa saa ilipofika hakuwa na dola 15, akaipoteza. Lakini wazungu waliokuwa wakikitilia shaka chuo hicho wakaanza kuja kununua matofali, na biashara ikafungua mlango ambao hotuba hazikuufungua.

Mwaka 1884 Tuskegee ilianzisha shule ya usiku kwa wasio na ada kabisa. Mwanafunzi alifanya kazi ya ufundi saa 10 mchana na kusoma saa mbili usiku. Kilichozidi baada ya gharama ya chakula chake hakikuchukuliwa na mtu. Kilitunzwa kwa jina lake mwenyewe, kimlipie atakapoingia masomo ya mchana. Tukisoma utaratibu huo huku tukiikumbuka namba 18, tunaona alichokuwa anakirekebisha. Hakusema watoto maskini wasifanye kazi. Alisema hesabu ya kazi yao iwe yao.

Sifa na lawama

Umaarufu ulikuja na lawama zake. Mwaka 1895, katika hotuba aliyoitoa Atlanta, aliwashauri weusi wajenge kwanza ufundi, mashamba na biashara, na wasitangulize madai ya usawa wa kijamii. Wazungu wengi walimshangilia. Msomi mweusi W.E.B. Du Bois alimpinga vikali mwaka 1903, akisema kwamba mtu asiye na kura hawezi kulinda duka wala shamba lake. Miaka iliyofuata, ya ubaguzi wa kisheria na mauaji ya weusi, ilimpa Du Bois hoja nyingi. Baadaye ilijulikana kwamba Washington kwa siri alikuwa analipia kesi za kupinga sheria za kibaguzi. Mtoto aliyesogeza mshale wa saa bila kugombana na mnyapara alikuwa bado yumo ndani ya mtu mzima.

Kwa wafanyabiashara, jambo la kukumbuka ni mwaka 1900, alipoanzisha mjini Boston umoja wa wafanyabiashara weusi, ili wenye maduka, mafundi na wenye benki wakutane na kujuana.

Fikra zake zilifika hata kwetu, kwa wema na kwa ubaya. Mwaka 1924 tume ya elimu ya Phelps-Stokes ilizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, akiwemo Dk. James Aggrey wa Gold Coast, ikisifu mfano wa Hampton na Tuskegee. Mwaka uliofuata Jeanes School ilifunguliwa Kabete. Wakoloni waliupenda mfano huo kwa sababu waliona ndani yake Mwafrika wa jembe na randa asiyedai utawala. Lakini Mbiyu Koinange wa Kenya alisoma Hampton hiyo hiyo, akarudi na kuongoza chuo cha walimu cha Githunguri kilichofunguliwa mwaka 1939, na chuo hicho kilikuwa mwiba kwa serikali ya kikoloni.

Booker T. Washington alifariki Tuskegee tarehe 14 Novemba 1915. Aliacha chuo chenye majengo zaidi ya 100 na wanafunzi kama 1,500. John alikuwa amekuwa msimamizi wa idara za ufundi, na James postamasta wa chuo.

Katika masoko ya mpakani wapo watoto wanaobeba mizigo ya wazazi, wa walezi na wa baba wa kambo. Wengi wanajua bei za nchi mbili na kubadilisha shilingi kwa faranga kichwani kabla hawajajua kuandika majina yao vizuri. Si kila anayewatuma ni mkatili. Wengine wanaogopa njaa kama Ferguson alivyoiogopa. Lakini mwenye kibanda anaweza kujiuliza maswali mawili jioni anapohesabu mauzo: huyu mtoto aliyenisaidia leo atafika darasani kesho kabla somo halijaanza? Na katika fedha hii, ipi imeandikwa kwa jina lake?